Nilipanda mbegu kwa hela ya kikundi, sasa nataka kutubu na hakuna anayetaka kunisikia

Shikamoo Anti,

Naomba usiweke jina wala mtaa, andika tu fundi cherehani wa Dar inatosha, maana hapa ninapokaa tunajuana wote.

Nina miaka 34, nimeolewa, watoto wawili. Mume wangu ni dereva wa lori, njia yake ni Tunduma, anaweza kukaa wiki tatu hajalala nyumbani. Kwetu ni Bukoba, nimekulia kanisa la kimisheni, lile la kengele na kitabu cha nyimbo. Bibi yangu aliyenilea alikuwa mlokole wa wale wa Uamsho wa zamani, alikuwa akitusimulia jinsi siku aliyookoka alivyobeba jembe aliloliiba kwa jirani miaka kumi na moja nyuma akalirudisha mchana kweupe, jirani mwenyewe alishasahau kama aliwahi kuwa na jembe. Tulikuwa tunamcheka.

Nikiwa na miaka 21 nilipata mimba nje ya ndoa. Anti, nilitengwa. Sikuruhusiwa meza ya Bwana, na nilipojifungua ikabidi nirudi kundini, yaani unasimama mbele ya watu wote jina lako linasomwa, na mama yangu amekaa benchi la tatu anaangalia chini. Yule kijana aliyenipa mimba siku hiyo hiyo alikuwa kwenye kwaya anaimba besi. Hakuna aliyemuuliza kitu. Nilitoka pale nikajiambia sirudi tena kwenye kanisa la kuhubiri dhambi dhambi tu.

Nilipokuja Dar rafiki akanipeleka kwenye huduma moja, silitaji jina. Anti nisiseme uongo, nilipona pale. Mara ya kwanza maishani naambiwa mimi ni wa thamani, mimi ni kichwa na sio mkia, hakuna anayeniuliza mtoto wa kwanza baba yake nani. Miaka sita nimekuwa pale, sijawahi kusikia mahubiri ya dhambi hata moja, ni kupenya, kuinuliwa, adui zako kuaibika, pokea! Nilikuwa nikitoka ibadani najiona naweza kuhamisha mlima.

Sasa tatizo langu. Mimi ni mweka hazina wa VICOBA yetu, kikundi cha kuweka na kukopa, tuko wanachama 28. Sanduku la kufuli tatu tunalo lakini siku hizi watu wanatuma marejesho kwa simu, yanakaa kwenye laini yangu mpaka siku ya kikao. Mwezi wa tatu kukawa na semina ya siku tatu, siku ya mwisho mtumishi akapanga watu kwa mistari, wa milioni na nusu wapite mbele kabisa waguswe na yeye mwenyewe, wa laki tano nyuma yao, wa elfu hamsini watabarikiwa walipokaa. Akasema mbegu, yaani hela unayotoa ili uvune baraka, isiyokuuma haiwezi kumgusa Mungu. Nilikuwa nasubiri majibu ya tenda ya kushona sare za shule moja, nikasema nikipata hii tenda narudisha hata mara mbili kabla kikao hakijafika. Nikatuma milioni moja na laki tano. Ya kikundi.

Wiki iliyofuata nikapigiwa simu na mwalimu wa manunuzi wa shule ile, akasema "jina lako limekaa vizuri". Jumapili nikapanda madhabahuni nikatoa ushuhuda kwamba tenda nimepata. Sikusema jina limekaa vizuri, nilisema nimepata, watu wakaruka ruka, wakanirekodi. Tenda akapewa mtu mwingine.

Klipu yangu mpaka leo inapigwa kwenye skrini kabla ya sadaka. Na kibaya zaidi kuna mama mmoja wa kikundi chetu hicho hicho, mjane, anauza dagaa, aliiona akauza friji lake akapanda laki nne. Alinikumbatia akaniambia ushuhuda wako ndio ulinifungua. Anti tangu siku hiyo silali.

Nimerudisha laki nne kwa kujibana, imebaki milioni moja na laki moja. Gawio ni katikati ya mwezi wa kumi na mbili. Daftari la kweli nimelificha kwenye boksi la vitambaa, kwenye kikao nasoma lingine. Mume hajui. Nilimfuata mchungaji msaidizi nikaanza kusema mtumishi mimi nimetenda dhambi, hata sijamaliza akanikatisha, usikiri udhaifu, kinywa chako kinaumba, futa hilo neno. Nikafuta. Nimefikiria kurudi kanisa la kimisheni lakini nikikumbuka lile benchi tumbo linauma.

Nashindwa kuelewa, ni kanisa gani linasema kweli? Lile la dhambi lilinivunja, hili la baraka limenifanya mwizi. Au ni mimi tu? Nifanyeje?

Fundi wa Dar

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikaacha chai ikapoa. Mwishoni umeuliza swali moja, kanisa gani linasema kweli, ila mimi nikisoma naona maswali manne yamefungwa kwenye kanga moja. Kuna hela ya watu. Kuna ushuhuda. Kuna mama wa dagaa. Na kuna lile benchi la Bukoba ambalo miaka kumi na tatu baadae bado umelikalia. La kanisa gani uende Jumapili naliweka mwisho, sio kwamba dogo, ila nina wasiwasi ukianza na hilo utakuwa umepata mlango wa kuyakimbia yale mengine matatu, na kuhama kanisa ulishahama mara moja.

Kwanza nipingane na wewe kidogo kwenye hilo la "limenifanya mwizi". Sikuelewi vizuri hapo. Ile mistari ya milioni na nusu na laki tano naiona ni kitu kibaya, sifichi, kuwapanga watu wa Mungu kwa uzito wa pochi zao, Yakobo kwenye waraka wake sura ya pili ameyasema hayo hayo kuhusu mwenye pete ya dhahabu kukaribishwa kiti kizuri na maskini kuambiwa simama kule. Lakini kidole kilichobonyeza namba ya siri kilikuwa chako na wewe unajua, ndio maana hulali. Halafu na upande wa pili nako nakuuliza, una uhakika kanisa lile la nyumbani lilikuvunja kwa kuhubiri dhambi? Mimi nikisoma naona lilikuvunja kwa kuhubiri dhambi ya mmoja na kuifunika ya mwingine. Kijana wa besi aliendelea na wimbo wake. Hiyo sio kwamba dhambi ilihubiriwa sana, dhambi ilihubiriwa nusu, tena nusu ya mwenye tumbo linaloonekana.

Na neema je, uliisikia siku ile? Umesema jina lilisomwa na mama ameangalia chini, basi. Inawezekana mchungaji alitamka maneno ya msamaha, kwenye ibada za kimisheni maungamo yanafuatwa na tangazo la ondoleo la dhambi kila Jumapili, lakini wewe hukuyasikia au hukuyaamini, na sikulaumu, maneno ya msamaha yakisomwa na mtu ambaye sura yake imekunja ndita masikio yanashika ndita. Ukaja Dar ukapata sura za kucheka. Kiu ilikuwa ya kweli mwanangu, usijidharau kwamba ulikuwa mjinga. Watu wenye akili zao walipanga foleni kule Samunge, Loliondo, mwaka 2011 wanywe kikombe cha shilingi 500 cha mchungaji mstaafu, tena wa kanisa la kimisheni sio la kiroho. Na Februari 2020 pale Moshi watu 20 walikufa kwenye msukumano wa kukanyaga mafuta ya upako. Hawakuwa wajinga wale, walikuwa na magonjwa na madeni na watoto wasiopata kazi kama sisi wote.

Hebu sasa tulitazame hili la mbegu, maana nadhani bado kuna kasauti kanakwambia labda ulikosa imani kidogo tu ndio maana tenda ikaenda kwingine. Haya mafundisho ya panda hela uvune hela hayakuota hapa kwetu, yalivuma Marekani karne iliyopita, mhubiri Oral Roberts kule Tulsa, Oklahoma ndiye aliyeyapeleka mbali kupitia redio na televisheni, yakasafiri mpaka huku. Mistari wanayotumia imo kwenye Biblia kweli, Malaki 3:10 ipo, na ile ya kupata mara mia ipo, Marko 10:30. Ila siku moja ifungue hiyo Marko uisome mpaka nukta. Inasema nyumba, na ndugu, na mama, na watoto, na mashamba, "pamoja na udhia". Udhia! Mimi nimekaa kwenye semina nyingi sijasikia mtu akiitikia amina kwenye udhia. Na Yeremia 29:11, ile ya mawazo ya amani ambayo kila mtu ameibandika kwenye friji, waliandikiwa watu waliochukuliwa mateka Babeli na mstari wa juu yake wanaambiwa miaka sabini. Sisemi Mungu habariki, mimi mwenyewe mtoto wangu alipona ugonjwa ambao daktari alishanyoosha mikono na sitamruhusu mtu aninyang'anye hilo. Nasema tu kwamba biashara ya nipe nikupe tayari ilishawahi kuingia kanisani, mwaka 1517 Martin Luther, mtawa wa Ujerumani, alipandisha hasira kwa sababu watu wa kawaida walikuwa wanauziwa vyeti vya msamaha, na hoja yake ya kwanza kabisa kati ya zile 95 haikuhusu hela, ilisema maisha yote ya mwamini yawe ya toba. Maisha yote. Wewe umekaa miaka sita mahali ambapo hata sekunde kumi za toba umeambiwa uzifute.

Na hapo ndipo naona pamekuuma zaidi kuliko hela. Ulienda na neno "nimetenda dhambi" mdomoni, mtu akalifunika haraka kama vile umetoa tusi. Labda alidhani anakusaidia. Lakini dhambi isipotajwa msamaha unakosa pa kutua, unabaki unaambiwa wewe ni kichwa sio mkia huku kichwa chenyewe kinajua kuna madaftari mawili.

Nilitaka nikuletee mfano wa mwana mpotevu ila umezoeleka sana, nimeona Zakayo anakufaa zaidi kwa sababu yeye na wewe mna kazi moja, wote mlishika hela za wenzenu. Angalia mpangilio wa pale Luka 19. Yesu anamwita juu ya mkuyu, "shuka upesi, kwa kuwa leo imenipasa kushinda nyumbani mwako". Zakayo hajarudisha hata senti. Hajaahidi. Hajapanga mstari wowote. Mgeni anakaribishwa kwanza, tena kwa furaha, halafu ndio Zakayo anasimama anasema nitarudisha mara nne. Kule nyumbani walikwambia simama kwanza tukuone ndipo uingie. Huku Dar wakakwambia ingia, kaa, usirudishe kitu, ongeza. Zakayo alipokelewa bure na bado alirudisha, tena kwa hiari, nadhani hata kwa furaha. Bibi yako na jembe lake alikuwa anatembea njia hiyo hiyo na nyie mkacheka.

Huo Uamsho wa bibi nausema kidogo kwa sababu ni urithi wako. Ulianzia miaka ya 1930 huko Gahini, Rwanda, ukapita Uganda ukaingia Bukoba, na moja ya vitu vilivyowafanya majirani washangae ni watu kurudisha vitu, majembe, nguo, hela za waajiri. Hawakurudisha ili waokoke, walirudisha kwa sababu wameshaokoka na ule mzigo umekuwa hauna maana tena. Sitaki niwapambe lakini, nao walikuwa na ukali wao, wengine walilazimisha watu kuanika kila kitu mbele za watu mpaka mambo ya chumbani, na waliojiona wameokoka zaidi hawakukosekana. Kwa hiyo ukisikia mtu anakwambia nenda kasimame mbele ya wanachama wote 28 uangue kilio, mimi sitakusukuma huko. Ulishasimamishwa mara moja na hukuchagua. Safari hii kama ni kusema, chagua wewe wa kumwambia, lini na wapi.

Tuje kwenye hela basi. Imebaki 1,100,000, ukihesabu kuanzia sasa mwezi wa nane una kama miezi minne, ni 275,000 kila mwezi juu ya chakula, ada na kodi ya fremu. Fundi anaweza kuipata Desemba kukiwa na sare na magauni ya sikukuu, Septemba sijui. Unaweza kuendelea kurudisha kimya kimya. Naielewa hiyo njia, haimuumizi mtu ikifanikiwa, ila jiulize mwanachama akifiwa kesho akahitaji mkopo wa dharura utasoma daftari lipi? Na kila kikao unachosoma daftari la uongo unaongeza kitu kingine cha kutubu.

Njia nyingine ni kumfuata mwenyekiti na katibu kabla hawajagundua, ukiwa na daftari la kweli mkononi, ile laki nne uliyorudisha ionekane, na ratiba ya kulipa iliyoandikwa. Hatari zake ni kubwa nisikudanganye. Watakuvua uhazina, hilo jiandae nalo, katiba yenu inaweza kuwa na faini, mmoja anaweza kukimbilia polisi kwa sababu kuchukua hela ya watu uliyoaminiwa ni kosa la jinai, na mtaa utajua. Kwa upande mwingine mtu anayekuja mwenyewe mwezi wa nane na mtu anayekamatwa mwezi wa kumi na mbili sanduku likiwa tupu, hao hawatazamwi kwa jicho moja, mimi nimeona vikundi vikivunjika na vingine vikisamehe na mara nyingi tofauti ilikuwa hapo. Ukiweza kumpata wakili au msaidizi wa kisheria wa kata uongee nae kwanza, fanya hivyo. Kitu kimoja tu ndio nakushika mkono kabisa, usiende kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa. Hata kwa siku mbili. Utakuwa umehamisha deni kutoka kwa watu wanaokujua kwenda kwa watu watakaokuja kubeba cherehani.

Kuna la kuidai ile huduma pia, umenyamaza nalo. Unaweza kuandika kwa heshima kwamba hela ile haikuwa yako na ulikosea kuitoa. Nafasi ya kurudishiwa naiona ndogo na kuna uwezekano ukaambiwa umemwibia Mungu, jiulize kama moyo wako kwa sasa unaweza kubeba sentensi hiyo. Lakini ile klipu ni sauti yako na uso wako. Kuomba isipigwe tena sidhani kama kunahitaji ruhusa ya mtu.

Mumeo. Umemtaja kwa mstari mmoja tu, "hajui". Wewe ndio unajua hasira zake zikoje, kama ni mtu wa kupiga basi mshenga au dada yake mkubwa awepo, usiwe peke yako. Kama ni mtu wa kununa wiki mbili, kununa kunaisha. Ninachoogopa ni asikie kwa mwenyekiti akiwa Tunduma.

Na mama wa dagaa. Hapa mwanangu ndio nilipoacha chai. Wanachama wengine wanakudai hela, huyu anakudai kitu kingine kabisa, ulimwambia Mungu amefanya jambo ambalo hakulifanya na yeye akauza friji. Anauza dagaa gani bila friji siku ya mvua? Laki nne zake hukuzila wewe na sikwambii uzilipe, wala sikwambii usilipe. Ila naona yeye anaweza kuwa mtu wa kwanza unayemwambia, au wa mwisho, sijui. Ukimwambia anaweza kukuchukia, anaweza kupoteza imani kabisa na hiyo ikakutesa. Usipomwambia, semina ijayo atapanda tena, maana kwako ilizaa. Mathayo 5 Yesu anasema ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako iache sadaka mbele ya madhabahu, uende ukapatane nae kwanza. Sadaka inasubiri. Sijawahi kusikia mtumishi anayesubirisha sadaka lakini ndivyo ilivyoandikwa.

La kanisa sasa, kwa kifupi maana nimeandika sana. Huna haja ya kuamua wiki hii. Mahubiri makali sio lazima yawe ya kweli na ya kutia moyo sio lazima yawe ya uongo, kuna wachungaji wa kimisheni wanaohubiri neema mpaka unalia, na kuna watu wa makanisa ya kiroho wanaotubu kweli kweli. Ukiwa unatafuta, kipimo changu mimi ni kidogo tu, mahali hapo mtu anaweza kusema "nimekosa" akaachwa amalize sentensi? Na akishamaliza, bado kuna mtu atamkaribisha chai? Kama Bukoba hapana na hapo ulipo hapana, Dar ni kubwa. Na ukitaka kuanza bila kanisa lolote, kwenye kiti chako cha cherehani usiku watoto wakilala, imalize ile sentensi uliyokatishwa. Kwa sauti. Aliyemwita Zakayo atakusikia.

Mumeo akirudi na mkiongea niandikie, hata kama ni meseji ya mistari miwili. Na lile daftari lililoko kwenye boksi la vitambaa usije ukalichoma.

Anti